Chuma cha Nottingham, Chuma cha Ufipa

Ukimtajia mzee wa Kiingereza neno roadster, kichwani mwake vitakuja vyombo viwili. Cha kwanza ni gari dogo la wazi la watu wawili, boneti ndefu, paa la turubai la kukunja. Cha pili ni baiskeli: fremu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, tandiko la ngozi lenye springi. Vyote viwili vilitoka kwa wingi Uingereza katika miaka ile ya mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, na vyote viwili leo vina mashabiki wasiosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wanavitafuta, wanavifufua, wanavilipia fedha ambayo ukiitaja kijiweni utaambiwa unapiga fiksi.

Hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, roadster ya aina ya kwanza sijawahi kuiona ikipita. Zinapita Fuso za mahindi, Land Cruiser za serikali na bodaboda zisizo na idadi. Ukitaka kuona magari yale ya zamani yakiwa yamesuguliwa hadi yanang'aa, nenda Nairobi kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, ambako waamuzi huinama na kukagua hata uvungu wa gari kutafuta doa. Roadster yetu sisi ni ile ya pili. Ilikuwa ya Babu, ni Raleigh, na mwaka jana karibu igawanye ukoo.

Kabla sijafika kwenye ugomvi, hebu tujiulize: kwa nini Waingereza waliouchosha uchumi wao kwa vita walihangaika kutengeneza magari ya starehe na baiskeli za kupeleka ng'ambo? Jibu ni deni. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa inadaiwa kila mahali, hasa na Marekani. Chuma kilikuwa cha mgawo. Serikali ikaweka utaratibu kwamba kiwanda kinachouza nje ndicho kinachopewa chuma. Ndiyo maana MG TC, iliyotengenezwa kati ya 1945 na 1949, na Jaguar XK120, iliyoonyeshwa London mwaka 1948 na kupewa namba yake kutokana na mwendo wa maili 120 kwa saa, nyingi zilipanda meli. Wamarekani walikuwa na dola, wakapelekewa magari. Sisi wa makoloni tulikuwa na jasho, tukapelekewa baiskeli.

Na Raleigh walijua kutubembeleza. Walikuwa na bango la matangazo lenye Mwafrika anayekanyaga Raleigh kwa nguvu zote huku simba anamfukuza kwa nyuma. Maneno yao ya biashara yalisema kwamba ile ni baiskeli ya chuma kitupu. Tangazo zuri, ila Babu hakukimbia simba. Alikimbia umaskini, na umaskini una mbio kuliko simba.

Kama vijana wengi wa Ufipa wa wakati ule, aliondoka kijijini kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Wengine walikwenda kwenye mkonge wa Tanga, wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya. Yeye alivuka mpaka, akaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Alifanya kazi Mufulira kwa miaka mitatu. Mwaka 1954 alirudi na sanduku la bati, blanketi mbili, na Raleigh. Kutoka Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, aliikanyaga mwenyewe kupitia Matai hadi kijijini kwao upande wa Mpui. Wazee wanasema watoto walimfuata wakilia, wakidhani mnyororo ule ni nyoka.

Babu alifariki mwaka 2009. Baiskeli ikawekwa nyuma ya kihenge, juu yake zikapangwa kuni, kuku wakaigeuza kiota. Bibi alipohamia mjini kwa Baba Mdogo, ilikuja naye juu ya lori la mahindi, si kwa sababu kuna aliyeitaka, bali kwa sababu Bibi alikataa kupanda lori kabla yake. Ilikaa hapa Kizwite nyuma ya choo mpaka nilipomaliza kidato cha nne na kukosa la kufanya. Nikaivuta nje, nikaipeleka kwa fundi chini ya mkaratusi.

Fundi huyu ni mzee wa miaka sabini na ushee. Nilimwamkia, akaitika, lakini macho hayakuwa kwangu. Aliizunguka baiskeli mara mbili. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua haba ya gurudumu la nyuma.

"Soma hapo," akaniambia.

Chini ya ukoko wa grisi na vumbi la miaka, maandishi yalianza kujitokeza: Sturmey-Archer, halafu herufi AW, halafu namba 52, na pembeni yake 8. Kumbe haba zile za gia tatu zilikuwa zinagongwa muhuri wa mwaka na mwezi. Yetu ilitoka kiwandani Nottingham mwezi Agosti mwaka 1952. Mimi cheti changu cha kuzaliwa nilikipata nikiwa darasa la sita, tena kwa foleni ya siku mbili. Kipande cha chuma kilikuwa nacho tangu siku ya kwanza, mwilini mwake.

Wiki tatu nilishinda pale chini ya mkaratusi nikiwa msaidizi asiyelipwa. Nilijifunza mambo ambayo shuleni hayakutajwa. Ndani ya haba ile kuna gia moja iliyotulia katikati kwenye ekseli, na gia ndogo nne zinazoizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua. Katikati zina meno ishirini, pembeni kuna pete yenye meno sitini. Ukivuta kiwiko cha gia, unachagua nani amsukume nani. Gia ya chini inapunguza mwendo kwa robo na kukupa nguvu ya mlima. Ya juu inauongeza kwa theluthi. Ya katikati inakuacha kama ulivyo. Haya yote yamo ndani ya kitu kinachojaa kwenye kiganja, na kilichokihitaji baada ya miaka yote ya kuku na kuni ni kuloweka kwenye dizeli usiku kucha, springi mbili ndogo, na matone ya mafuta ya cherehani kupitia kitundu chake.

Tairi hazikutusumbua. Viwanda vya India na China viliiga roadster ya Kiingereza miaka mingi iliyopita, kwa hiyo tairi la Phoenix au Hero la inchi 28 linaingia kwenye rimu ya Nottingham kama limezaliwa humo. Matatizo yalikuwa kwenye vikombe vya gololi pale pedeli zinapopita. Baiskeli nyingine za Kiingereza zina nyuzi 24 kwa inchi. Raleigh walijiamulia 26. Kikombe cha Phoenix utakizungusha mpaka jioni, hakiingii. Fundi alivisafisha vya zamani, akavigeuza kuelekea kwenye mwanga, akasema vina miaka kumi mingine. Tukaweka gololi mpya, grisi, basi.

Siku moja nikiwa nasubiri grisi ikauke mikononi, nilikaa na simu nikisoma habari za kiwanda kile. Nikakutana na jina la Alan Sillitoe. Nyinyi mnaotaka kuandika, lishikeni jina hili. Alizaliwa Nottingham mwaka 1928, aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi kiwandani Raleigh. Baadaye alikuwa jeshini Malaya, akaugua kifua kikuu, na katika kuugua huko akaanza kusoma na kuandika kwa bidii. Mwaka 1958 alitoa riwaya yake ya kwanza, Saturday Night and Sunday Morning. Mhusika wake mkuu, Arthur Seaton, anasimama kutwa nzima kwenye mashine ya kukereza vyuma katika kiwanda cha baiskeli, akilipwa kwa idadi ya vipande. Riwaya ilipofanywa filamu mwaka 1960, wakaenda kupiga picha ndani ya kiwanda chenyewe.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa najua upande mmoja tu wa baiskeli ile, upande wa Mwafrika na simba. Sasa nikamwona kijana mwingine upande wa pili, mikono imejaa mafuta kama yangu, anahesabu vipande ili mwisho wa wiki apate hela ya bia. Bango halikumchora huyo. Ilibidi aache shule, apate kifua kikuu, ndipo aandikwe, tena na mwenzake.

Lakini kulikuwa na mkono wa tatu kwenye baiskeli yetu, na huo ndio ulioleta kasheshe.

Raleigh ya Babu ina kerio ya ajabu. Si ile nyembamba ya kiwandani. Ni pana kama ubao wa kusukumia chapati, nzito, imefuliwa kwa nyundo, na miguu yake imeshikizwa kwenye fremu kwa vikuku vya chuma vilivyokunjwa vikiwa na moto. Ukiitazama kwa karibu unaona alama za nyundo. Fundi aliipapasa akasema, "Hii ni springi ya lori. Na aliyeifua hakuwa mwanafunzi."

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Nchi hii ya Ufipa ilikuwa nchi ya chuma kabla Raleigh haijazaliwa. Wazee wetu walijenga malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha karibu mita tatu, kumpita mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Hazikuwa na mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo chini, moto ukapanda, mawe yakaachia chuma. Kisha chuma kile kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe, shoka na mkuki. Profesa Bertram Mapunda, mtaalamu wetu wa mambo ya kale, amefanya utafiti mwingi juu ya ufuaji chuma katika upande huu wa nchi, na mabaki ya malungu bado yapo vijijini, mengine yamesimama mashambani watu wakiyapita na majembe ya dukani.

Majembe hayo ya dukani ndiyo yaliyoyazima. Chuma cha Ulaya kilipoanza kuja kwa wingi na kwa bei nafuu, nani angechoma msitu mzima wa mkaa kwa ajili ya jembe? Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini malungu yakapoa. Wahunzi hawakufa lakini. Walibaki na nyundo zao, wakaacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua vyuma chakavu: rimu, nondo, springi za malori. Mmoja wao ndiye aliyeifua kerio ya Babu.

Nilimuuliza Bibi. Alikuwa anapeta ulezi, hakuinua hata uso.

"Hiyo kerio ni ya kwangu, mume wangu," akasema, maana bibi kwa mjukuu wa kiume ndivyo anavyotania. "Baiskeli ilikuwa ya babu yako. Kerio ni ya kwangu."

Mwaka 1964 alikuwa na mimba ya baba yangu. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika nyumbani. Babu aliapa kwamba hii ya tatu itazaliwa hospitali ya misheni, na hospitali ilikuwa mbali, gari hakuna. Akaijaribu kerio ya kiwandani kwa kumpakia Bibi, ikapinda. Basi akabeba debe mbili za ulezi na jogoo hadi kwa mhunzi, akamwambia: nitengenezee kitu ambacho mke wangu atakaa ubavu bila kuumia, hata akiwa na uchungu. Mhunzi alimwita Bibi mwenyewe. Akampima kwa kamba, kama fundi cherehani.

Uchungu ulikuja usiku. Babu alimfunga mgongoni kwake kwa kanga mbili, akakanyaga. Penye mlima alishuka akasukuma. Bibi anasema hakumbuki njia. Anakumbuka sauti ya baiskeli, tik, tik, tik, na mgongo wa Babu uliolowa jasho kwenye baridi ya Juni. Baba alizaliwa kabla ya jua kuchomoza.

Habari hiyo hakuna aliyekuwa ameijua nyumbani, wala Baba Mdogo. Nilipomuuliza Bibi kwa nini hakuwahi kusema, alijibu kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku chache baadaye akatokea mnunuzi. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, alikuja Sumbawanga kwa ajili ya mahindi, akaiona baiskeli kwa fundi. Alikuwa anaijua kweli, lazima nikiri. Alitaja kichwa cha korongo kwenye nembo ya mbele kabla hajakifikia, akainama kusoma muhuri wa 52. Ana nyumba yenye vitu vya kale, redio, gramafoni, cherehani. Akatoa bei: laki nane. Lakini kwa sharti. Kerio "ile ya kienyeji" itolewe, fremu ikwanguliwe ipigwe rangi nyeusi mpya na mistari ya dhahabu, iwe kama ilivyotoka kiwandani.

Laki nane! Dada yangu alikuwa anadaiwa ada ya chuo cha uuguzi, na barua ilikuwa imekuja mara ya pili. Baba Mdogo hakuona la kujadili. "We kijana, hivi tunabembeleza chuma wakati mtoto wa watu anafukuzwa chuo?" Na hakuwa na kosa. Nisingependa msomaji amwone mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa anatulisha wote.

Tuliitana jioni, tukakaa ukumbini. Shangazi alikuja kutoka Laela. Watu walisema yao. Mimi nilikuwa na hoja nyingi kichwani: kwamba kufufua kitu si kukirudisha dukani, kwamba baiskeli ile ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ilipofika Ufipa, na miaka yake mingine yote ni ya kwetu, kwamba ukiikwangua unampendelea kijana wa Nottingham na kumfuta mhunzi, ilhali wote wawili walifua chuma. Nilisema nusu yake, sauti ikaanza kukauka. Mbele ya barua ya ada hoja za mwandishi ni nyepesi.

Bibi akasubiri tumalize.

"Uzeni," akasema. "Babu yenu hakuinunua kwa ajili ya kuitazama. Mkiona inafaa, uzeni. Ila iuzwe na mimi nikiwa nimekaa nyuma. Anayeitaka atubebe wote."

Kesho yake Baba Mdogo mwenyewe, si mimi, alimpelekea mnunuzi maneno hayo, akiyaweka kwa adabu ya kibiashara. Yule bwana aliitazama kerio, akatikisa kichwa. Ikiwa na ile, akasema, laki mbili na nusu, maana kwa watu wake haina thamani. Baba Mdogo alirudi nyumbani akiwa kimya. Alipanda ghalani, akahesabu magunia. Ada ililipwa kwa magunia kumi na mawili ya mahindi yaliyouzwa mwezi ambao bei iko chini kabisa, na kuanzia Januari tulinunua unga wa kupima kwa kilo. Dada anajua. Alipiga simu akalia, halafu akatuambia tumwekee baiskeli likizo.

Sijui kama hiyo ilikuwa busara. Kuna usiku wa Februari nililala na njaa nikasema moyoni kwamba laki nane ni laki nane. Asubuhi nikaikuta Raleigh imeegemea ukuta, nikaenda nayo mashineni kusaga, kilo arobaini juu ya kerio, wala haikulia.

Rangi hatukuipaka. Penye weusi wa Nottingham tulipaka nta, penye kutu tulisugua tukapaka mafuta. Kiwanda kile kiliacha kutengeneza fremu mwaka 1999 na kufungwa kabisa mwaka 2002. Sehemu ya eneo lake sasa ni chuo kikuu. Sturmey-Archer ilifilisika mwaka 2000, ikanunuliwa na kampuni ya Taiwan, na haba mpya zinatoka huko. Kwa maana hiyo kijana wa mashine ya kukereza naye alikwisha kuwa kama mhunzi wetu: kazi yake ipo, mahali pake hapapo.

Kama nyumbani kwenu kuna roadster ya mzee imelala nyuma ya kihenge, nakuomba ufanye mambo mawili kabla hajaja mtu wa vyuma chakavu na mizani yake. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua haba ya nyuma. Kama ni ya gia tatu, utasoma mwaka na mwezi. Hayo ni ya kiwanda. Kisha mtafute aliye hai, mwamkie, kaa naye chini hata kama anapeta ulezi, umuulize baiskeli ile ilimbeba nani.

Nenda na kalamu.